Kuloweka uso wenye magamba kwa maji ya chumvi ya madini: vipimo, hatua na yanayoharibika

Uso unaotoa vipande vyeupe kama mba, unaovuta ukishanawa na kuchonyota kwa kila krimu mpya, unaweza kupata nafuu kwa maji ya chumvi ya madini. Unaweza pia kuharibika zaidi kwa maji hayohayo. Tofauti iko kwenye kipimo cha chumvi na kwenye kile unachopaka mara tu baada ya kuondoa kitambaa. Wengi hutia chumvi kwa kukadiria, huacha maji yakaukie usoni, kisha hulala bila kupaka kitu. Asubuhi ngozi imekakamaa, na lawama zote zinaangukia chumvi.

## Kazi ya maji na kazi ya chumvi

Tabaka la juu la ngozi ni seli zilizokufa, zimepangana na kushikanishwa kwa mafuta. Ngozi ikiwa na afya, seli hizo huachia moja moja na hakuna anayeziona. Ikikauka au ikiwa na uvimbe wa ndani, huachia kwa mafungu, na hayo ndiyo magamba. Katikati ya mafungu hubaki nyufa ndogo ambamo unyevu wa mwili hutoka, na sabuni, jasho na manukato huingia. Ndiyo maana uso wenye magamba huchonyotwa na vitu ambavyo zamani haukuvijali.

Maji matupu hulainisha magamba yakaachia. Shida yake ni kwamba yakishakauka, ngozi hubaki kavu kuliko mwanzo, kama midomo inavyopasuka kwa kulambwalambwa. Chumvi kidogo husaidia hapa. Maji yenye gramu 9 za chumvi ya kawaida kwa lita yana kiwango kinacholingana na machozi na majimaji ya mwili, ndicho kipimo cha dripu ya chumvi ya hospitalini. Hayajazani ndani ya seli wala hayanyonyi maji yake, kwa hiyo hayachonyoti. Chumvi ikizidi sana, maji hutolewa kwenye seli zilizo wazi ndani ya nyufa, nawe unahisi moto.

Magnesiamu ndiyo iliyozipa chumvi hizi sifa. Mwaka 2005 Ehrhardt Proksch wa Ujerumani na wenzake walichapisha utafiti wa watu wenye ngozi kavu ya asili ya pumu ya ngozi (ekzema): mkono mmoja ulilowekwa dakika 15 katika maji yenye asilimia 5 ya chumvi ya Bahari ya Chumvi, mwingine katika maji ya bomba. Mkono wa chumvi ulihifadhi unyevu vizuri zaidi, na ukwaruzo na wekundu ukapungua. Huo ni ushahidi mzuri, ila ulipatikana kwenye mkono. Ngozi ya uso ni nyembamba na ina hisia kali zaidi, kwa hiyo usichukue asilimia 5 hiyo ukaipeleka mashavuni. Tutaanzia asilimia 1, yaani gramu 10 kwa lita, karibu na kipimo kile cha dripu.

## Kwanza, magamba haya ni ya nini?

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoamua kama kazi yote itakuwa na faida. Maji ya chumvi hulainisha na kutuliza. Hayaui fangasi wala hayaondoi mzio.

Tazama mahali magamba yalipo. Yakiwa pembeni mwa pua, kwenye nyusi, katikati ya ndevu, nyuma ya masikio na kwenye mpaka wa nywele, yana rangi ya manjano kidogo na mafutamafuta, huenda ni mba ya usoni. Inahusishwa na fangasi wa jamii ya hamira aitwaye Malassezia, anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu na kula mafuta yake. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi haionekani nyekundu, huacha mabaka yaliyopauka kuliko ngozi ya jirani, na watu hudhani ni madoa ya kuondolewa kwa krimu ya kung'arisha. Krimu hiyo huzidisha tatizo. Magamba ya aina hii yakienea ghafla na kwa ukali kwa mtu mzima, pima VVU, maana ni moja ya dalili zinazojitokeza kwenye ngozi kinga ya mwili inaposhuka.

Ngozi iliyokauka yote, inayowasha hata usiku, kuzunguka macho na mdomo, hasa kama mikunjo ya viwiko na magoti nayo inawasha au kwenu kuna pumu, inaelekea kuwa pumu ya ngozi. Hii ndiyo inayonufaika zaidi na maji ya chumvi. Duara lenye ukingo ulioinuka, upande mmoja tu wa uso, linaelekea kuwa choa na linahitaji dawa ya fangasi. Magamba mazito yanayofanana na yale ya kwenye viwiko, magoti na kichwani yanaweza kuwa soriasisi. Wekundu au weusi uliokatiza juu ya daraja la pua hadi mashavuni, unaozidi juani na kuambatana na maumivu ya viungo, upelekwe kwa daktari kabla ya jambo lolote.

Watu wenye ualbino wana tahadhari yao. Kipande cha ngozi kilichokwaruza usoni, sikioni au mdomoni ambacho hakiponi kinaweza kuwa dalili ya mwanzo ya madhara ya jua yanayoelekea saratani. Usikiloweke wala kukibandua. Kionyeshwe kwa mtaalamu wa ngozi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kina uzoefu mkubwa wa jambo hili, na hospitali za rufaa nyingi zina kliniki ya ngozi.

Halafu kuna mkorogo. Ngozi iliyozoea krimu za kujichubua zenye steroidi kali kama klobetazoli au betamethazoni, au zenye haidrokwinoni au zebaki, huwa nyembamba na huwaka kwa kitu chochote. Vivyo hivyo kwa zile krimu za mchanganyiko, dawa ya fangasi na steroidi kwenye tyubu moja, ambazo watu hununua dukani na kupaka usoni miezi mingi kwa kila upele. Ukiziacha ghafla uso huchachamaa, na kuloweka kwenye chumvi wakati huo ni kujitesa. Mwone daktari akupangie namna ya kupunguza.

## Chumvi ipi ununue

Chumvi ya Bahari ya Chumvi, ile bahari iliyopo kati ya Jordan upande mmoja, na Israeli na Ukingo wa Magharibi upande wa pili, ndiyo iliyotumika kwenye utafiti. Sehemu yake kubwa ni magnesiamu kloridi na potasiamu kloridi. Sodiamu kloridi, yaani chumvi tunayokula, ni kidogo. Hapa kwetu huagizwa kutoka nje na bei yake si ndogo, kwa hiyo kagua. Kwenye orodha ya viambato chumvi ya bahari huandikwa Maris Sal, na hapo iishie. Ukiona neno Parfum au Fragrance, mafuta ya mimea, au herufi CI zikifuatwa na namba, ambazo ni rangi, rudisha rafuni. Chumvi nyingi za kuogea zina manukato, na manukato ni miongoni mwa vitu vinavyowasha ngozi nyeti mara kwa mara.

Magnesiamu kloridi hunyonya unyevu wa hewani kwa nguvu. Weka kijiko kimoja kwenye kisosi wazi usiku kucha. Katika hewa ya Mombasa, Tanga au Zanzibar chumvi yenye magnesiamu nyingi itakuwa imelowa asubuhi. Ikibaki kavu na kumwagika vizuri, shaka ipo: huenda umeuziwa chumvi ya kawaida kwa bei ya kigeni.

Chumvi ya Epsom, yaani magnesiamu salfeti, hupatikana kwa urahisi kwenye maduka ya dawa, na bei yake ni nafuu. Karibu nusu ya uzito wa chembe zake ni maji yaliyofungwa ndani, kwa hiyo kwa gramu zilezile maji yake huwa hafifu kuliko ya chumvi nyingine. Haina kloridi, na si ile iliyopimwa katika utafiti tulioutaja, ila ni chaguo la busara kwa anayejaribu. Nunua ya daraja la dawa. Ile inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo kama mbolea ya magnesiamu haikutengenezwa kwa ajili ya ngozi.

Chumvi bahari ya kawaida, ya Bagamoyo, Tanga, Pemba au Malindi, na ile ya Uvinza, ni sodiamu kloridi kwa sehemu kubwa sana. Inatosha kabisa kwa maji ya asilimia 1. Ikiwa ni ya mawe na ina mchanga, iyeyushe, iache itulie, kisha chuja kwa kitambaa safi. Chumvi ya waridi inayoitwa ya Himalaya, inayochimbwa Pakistani, nayo ni sodiamu kloridi. Waridi ule unatokana na chuma kidogo. Hakuna sababu ya kulipia rangi. Iodini iliyomo kwenye chumvi ya mezani ni ndogo mno kuleta shida katika kazi hii.

Magadi usiyaguse. Hili tunalisisitiza kwa sababu nayo ni madini ya asili, yanatoka ziwani, yapo jikoni na bei yake ni ndogo, hivyo mtu huona yanafaa. Magadi yanayolainisha maharage hufanya hivyo kwa sababu ya ukali wake: maji yake yana pH karibu na 10, wakati ngozi ya uso hukaa karibu na 5. Yatayeyusha mafuta yanayoshikilia seli, uso utateleza kwa muda kisha utapasuka. Baking soda ni nyepesi kuliko magadi lakini iko upande uleule. Shabu nayo hapana. Hukaza ngozi ambayo tayari imekakamaa.

Kuhusu maji ya bahari yenyewe: yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, kiasi kikubwa mno kwa uso wenye nyufa, na karibu na miji huchanganyika na majitaka. Usiyachote kwa kazi hii.

## Kutengeneza maji ya akiba

Mizani nyingi za jikoni husoma gramu moja moja. Ukitaka kupima gramu 2 au 3 juu yake, kosa la gramu moja ni theluthi hadi nusu ya kipimo. Kijiko cha chai nacho hudanganya: cha chumvi laini kilichosawazishwa hubeba gramu 6 hivi, cha chumvi ya mawe hubeba pungufu. Kwa hiyo pima kiasi kikubwa mara moja, tengeneza maji makali ya akiba, kisha yapunguze kwa maji safi kila unapotumia.

Chukua chupa mpya ya maji ya kunywa ya nusu lita. Weka alama ya wino mahali maji yalipofikia. Mimina robo yake kwenye chombo safi, tia gramu 25 za chumvi ndani ya chupa, funga, tikisa mpaka isionekane chembe hata moja, kisha jaza tena hadi kwenye alama. Hayo ni maji ya asilimia 5. Kama huna mizani, mwombe mwenye duka la vito, muuza viungo au mfamasia akupimie vifuko vichache vya gramu 25 kila kimoja. Ni kazi ya dakika moja.

Usitumie maji ya kisima kirefu cha Dar es Salaam au cha ukanda wowote wa pwani ambao maji yake yana chumvi tayari, maana hutajua umefikia asilimia ngapi. Maji ya bomba yaliyochemshwa na kupoa yanafaa.

Akiba hii ikae kwenye friji, siku 3 tu. Asilimia 5 haitoshi kuzuia vijidudu. Yakiwa na ukungu au utelezi, mwaga. Huna friji? Tengeneza kila mara unapotaka kutumia. Andika juu ya chupa SI YA KUNYWA na uiweke mbali na watoto: chumvi ya magnesiamu ikinywewa huharisha vibaya, na kumeza chumvi ya Bahari ya Chumvi kwa wingi ni hatari kwa maisha.

Kupunguza ni hivi, kwa mililita 250 zinazotosha mara moja:

- Asilimia 1: mililita 50 za akiba na 200 za maji safi.
- Asilimia 2: mililita 100 za akiba na 150 za maji safi.
- Asilimia 3: mililita 150 za akiba na 100 za maji safi.

Pima kwa bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, au kwa kikombe kidogo cha dawa. Hata glasi ya kahawa inafaa: glasi moja ya akiba kwa nne za maji ni asilimia 1.

## Hatua za kuloweka

Fanya jioni, mara 3 kwa wiki, ukibakiwa na muda wa saa moja au zaidi kabla ya kulala. Mchana jua na jasho huharibu kazi.

1. Siku mbili kabla, jaribu mahali padogo. Lowesha pamba kwa maji ya asilimia 1, ibandike chini ya sikio kwenye mstari wa taya kwa dakika 5, suuza. Rudia kesho yake mahali palepale. Pakivimba, pakitoka vipele au pakiwasha mpaka siku ya pili, usiendelee.

2. Andaa vitambaa viwili au vitatu vya pamba laini, kama kipande cha kanga kuukuu au fulana nyeupe. Taulo hukwaruza. Vifue kwa sabuni isiyo na manukato na uvisuuze mara tatu, kwani mabaki ya sabuni ya unga yanatosha kuwasha uso.

3. Osha mikono. Nawa uso kwa maji tu. Kama kuna vipodozi au krimu nzito, tumia kisafisha uso kisicho sabuni na kisicho na manukato. Sabuni ya mche na sabuni nyingi za kuogea zina pH ya 9 hadi 10; ukianza nazo, unaloweka ngozi iliyokwisha kuchubuliwa. Toa lenzi za macho.

4. Pasha maji ya chumvi kwa kuweka bakuli ndani ya sufuria ya maji ya moto. Dondosha tone kwenye kifundo cha mkono kwa ndani: usihisi joto wala baridi. Maji ya moto huyeyusha mafuta ya ngozi na kuamsha mwasho upya.

5. Zima feni. Lala chali au egemea, funga macho. Lowesha kitambaa, kamua kidogo tu ili kisidondoke, kibandike mahali penye magamba. Usifunike kope kwa kitambaa.

6. Kila baada ya dakika 2 kitie tena majini. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Kitambaa kinapokauka maji huenda zake na chumvi hubaki, kwa hiyo ulichoanza nacho kikiwa asilimia 1 kinaweza kuishia 3 au 4 bila wewe kujua. Karibu na feni au kiyoyozi hutokea haraka zaidi.

7. Mara ya kwanza na ya pili, dakika 5. Zikipita salama, dakika 10. Usizidi 15.

8. Mchonyoto mdogo unaoisha ndani ya dakika moja ni wa kawaida. Ukizidi hapo, ondoa kitambaa na usuuze. Hakuna tuzo ya kuvumilia. Yakiingia machoni, suuza kwa maji safi mengi kwa dakika kadhaa.

9. Suuza uso kwa maji safi vuguvugu, glasi moja au mbili. Chumvi ikikaukia usoni huacha chembe zinazokwaruza, na ya magnesiamu huacha utelezi unaonata.

10. Bonyezabonyeza kwa taulo laini; usisugue. Magamba yaliyolegea yatatoka yenyewe. Yale yanayoshikilia yaache, hata kama yanakera: ukiyavuta unafungua kidonda, na kwenye ngozi nyeusi kila kidonda kidogo huacha doa la miezi.

11. Ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika 3, paka.

Vitambaa vifuliwe na kuanikwa juani kila baada ya matumizi. Maji yaliyobaki kwenye bakuli yamwagwe.

## Cha kupaka

Bila hatua hii ni afadhali usingeanza. Magamba yamelainika na milango ya ngozi iko wazi. Usipoifunga, unyevu unatoka wote.

Kwa ngozi kavu na pumu ya ngozi, jeli ya petroli isiyo na manukato, ile tunayoita vaselini, ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza. Bei yake iko chini, haina kitu cha kuwasha, na hufunga unyevu vizuri kuliko krimu nyingi za bei kubwa. Kiasi cha punje ya harage kinatosha uso mzima: ipashe kati ya viganja kwanza, kisha ibandike kwa kugusagusa. Kwenye joto la pwani safu nene huleta vipele vya jasho, kwa hiyo paka nyembamba kabisa. Njombe au Limuru mwezi wa saba, au kwenye nyumba zenye kiyoyozi kutwa kule Muscat na zenye joto la mashine wakati wa baridi kule Ulaya, unaweza kupaka nene zaidi. Ukipenda glisirini, changanya matone machache na maji kiganjani, paka, kisha weka vaselini juu yake.

Kwa mba ya usoni mambo yanabadilika. Mafuta ya nazi na ya zeituni, ambayo kila nyumba inayo na kila shangazi anayasifia, yana asidi za mafuta ambazo Malassezia huzila. Unaloweka, unapaka nazi, magamba yanarudi kwa wingi baada ya siku chache. Badala yake, paka safu nyembamba ya krimu ya ketokonazoli ya asilimia 2 kwenye sehemu zenye magamba, mara moja au mbili kwa siku, kwa wiki 2 hadi 4 kadiri mfamasia atakavyokuelekeza. Juu yake losheni nyepesi isiyo na manukato, au vaselini kidogo, ambayo fangasi huyu haili. Kama una mba kichwani, itibu wakati huohuo kwa shampuu ya dawa, la sivyo itashuka tena usoni.

Krimu zenye yurea, asidi ya salisili, vitamini C au retinoli zisipakwe jioni ya kuloweka. Zitapenya kuliko kawaida na kuchoma.

## Yanayoharibika, na sababu zake

Uso unavuta zaidi baada ya wiki ya kwanza. Mara nyingi ni kwa sababu ya kuloweka kila siku, au ya kuchelewa kupaka. Rudi mara 3 kwa wiki, weka vaselini karibu na bakuli kabla hujalala chali.

Kuna mchanga au mikwaruzo. Chumvi haikuyeyuka yote. Usiitumie kama skrabu kwa makusudi pia. Chembe za chumvi zina ncha kali na magamba si uchafu wa kusuguliwa.

Vipele vidogo kuzunguka mdomo. Simamisha kila kitu isipokuwa maji na losheni nyepesi. Kama ulikuwa unapaka krimu yenye steroidi, hiyo ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Chumvi imelowa kwenye kopo. Ile ya Bahari ya Chumvi ikinyonya maji, gramu 25 zako si chumvi tupu tena. Haijaoza, lakini maji yatakuwa hafifu kuliko ulivyokusudia. Nunua kiasi kidogo na ukifunge kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kigumu. Ile ya Epsom hufanya kinyume: mahali penye joto kavu hupoteza maji na kuwa unga mweupe, ikawa kali zaidi kwa gramu zilezile.

Acha kabisa na uende hospitali kama kuna majimaji au gamba la rangi ya asali, malengelenge yenye maumivu, vidonda vidogo vya mviringo vilivyosambaa haraka kwa mwenye pumu ya ngozi, uvimbe wa macho, au homa. Njia hii si ya uso wa mtoto mchanga.

## Jaribio la shavu moja

Njia nzuri ya kujua kama chumvi inakusaidia wewe ni kuiga ule utafiti wa Ujerumani. Kwa wiki 2, jioni 3 kwa wiki, weka kitambaa cha maji ya chumvi shavu la kulia na kitambaa cha maji matupu shavu la kushoto, muda sawa, joto sawa, na paka kitu kilekile pande zote. Piga picha kabla ya kuanza na kila mwisho wa wiki, dirishani, saa ileile, bila taa ya simu. Usibadilishe kisafisha uso wala kuanza krimu mpya katika muda huo.

Shavu la chumvi likiwa laini zaidi na halijachonyota, panda hadi asilimia 2 kwa wiki 2 nyingine, sasa uso mzima, kisha 3 ukiona haja. Hatuoni sababu ya kuvuka 3 usoni. Asilimia 5 ibaki kwa mikono na viwiko. Baada ya wiki 6 punguza hadi mara moja kwa wiki, au uiweke kwa ajili ya siku magamba yanaporudi.

Shavu la chumvi likiwa baya zaidi, acha. Na mashavu yote mawili yakipona sawasawa, basi kilichokuponya ni maji vuguvugu, kuacha sabuni na kufunga unyevu kwa wakati. Endelea na kitambaa na vaselini, na fedha ya chumvi nunulia kitu kingine.